Programu za kikombozi: Jinsi ya kulinda simu na kompyuta za biashara yako

Lori likifika Rusumo, Malaba, Namanga au Tunduma bila hati zake, halivuki, hata kama mzigo ni halali na ushuru umelipwa. Kanuni hiyo ni ya zamani. Kilichobadilika ni mahali hati zenyewe zinapokaa. Ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha uasili wa bidhaa, bima ya gari na kadhia ya forodha sasa vimo ndani ya kompyuta ya wakala, na nakala zake humfikia dereva kwa WhatsApp. Anayeweza kuifunga kompyuta hiyo au simu hiyo anaweza kulisimamisha lori bila hata kulikaribia.

Makala haya yanaeleza programu za kikombozi ni nini, zinaingia kwa njia zipi, mfanyabiashara na mwenye malori wafanye nini kabla hazijafika, na wafanye nini siku zitakapofika. Msomaji mwenye haraka aanzie kwenye sehemu inayohusu nakala za akiba, kwani hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa.

PROGRAMU YA KIKOMBOZI NI NINI?

Ni programu ya kihalifu ambayo ikishaingia kwenye kompyuta huyageuza mafaili yako kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo maalumu, kisha huacha ujumbe wa kudai malipo ili upewe ufunguo huo. Wataalamu huziita ransomweya. Mafaili hayaondoki. Yapo palepale, lakini kila ukijaribu kufungua ankara au jedwali la Excel kompyuta inakataa, na mara nyingi utaona mwisho wa jina la faili umeongezewa herufi ngeni.

Mbinu yenyewe si mpya. Mwaka 1989 disketi zipatazo 20,000, zilizodaiwa kuwa na maelezo kuhusu ugonjwa wa ukimwi, zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali. Kompyuta iliyotumia disketi hizo ilifungwa baada ya muda, na mwenyewe akatakiwa kutuma dola 189 za Marekani kwenye sanduku la posta nchini Panama. Sanduku la posta ni rahisi kwa polisi kulifuatilia. Sarafu za kidijitali kama Bitcoin, ambazo hutumwa kutoka popote bila kupitia benki, ndizo zilizoikuza biashara hii baadaye.

Mei 12, 2017 programu iitwayo WannaCry ilianza kusambaa, na katika siku chache ikazikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150. Ilidai dola 300 kwa kila kompyuta. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huohuo, hivyo waliokumbwa ni wale ambao hawakuwa wamesasisha mashine zao.

Tangu mwishoni mwa 2019 wahalifu wengi wameongeza tishio la pili. Kabla ya kufunga mafaili wao huiba nakala zake, kisha hutishia kuzitangaza hadharani. Kwa msafirishaji, hiyo ina maana ya bei anazowatoza wateja, pasipoti za madereva, mikataba na taarifa za benki.

BEI YA KIKOMBOZI HUPANGWAJE?

Mafaili yako hayana soko. Hakuna mtu wa tatu atakayenunua orodha ya vifurushi ya mwezi uliopita. Anayeyahitaji ni wewe peke yako, na mhalifu anajua kwamba kinachokuumiza ni muda. Kwa hiyo bei ya kikombozi hufuata gharama ya kusimama kwa biashara, na katika biashara ya kuvuka mipaka gharama hiyo hupanda kila siku: tozo la kuchelewesha kontena, ada ya kuhifadhi mzigo bandarini, posho ya dereva, riba ya mkopo wa lori, na mteja anayehamia kwa mshindani.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwenye malori 6 yaliyosimama hupoteza, tuseme, dola 150 kwa kila lori kwa siku. Hiyo ni dola 900 kwa siku, na kwa siku 5 ni dola 4,500. Akiletewa ujumbe wa kudai dola 980, na kuelezwa kwamba akiwasiliana ndani ya saa 72 atalipa dola 490 tu, ataona kulipa ndiyo nafuu. Kiasi hicho na punguzo hilo si vya kubuni. Ndivyo ilivyokuwa ikidai programu ya kikombozi iitwayo STOP, au Djvu, ambayo iliwakumba zaidi watu binafsi na wafanyabiashara wadogo. Punguzo la saa 72 limewekwa ili usipate nafasi ya kufikiri wala kuuliza.

Hesabu hiyo inabadilika kabisa kwa mtu mwenye nakala salama ya mafaili yake. Badala ya siku 5 anasimama nusu siku au siku moja, anasafisha kompyuta, anarudisha mafaili na kuendelea. Mhalifu hana tena cha kumuuzia isipokuwa tishio la kutangaza siri. Kwa maneno mengine, diski moja ya akiba hupunguza bei ya kikombozi kabla hata hakijadaiwa.

Biashara ya ukanda wetu ina jambo moja zaidi la kuzingatia. Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa 2014, mwagizaji wa Kampala au Kigali hukamilisha tamko na kodi nchini kwake wakati kontena bado liko Mombasa au Dar es Salaam. Utaratibu huo umepunguza siku za safari, lakini pia umefanya kompyuta moja iliyofungwa Kigali iweze kuzuia kontena lililoko umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja.

MIFANO YA BANDARINI NA BARABARANI

Maersk, 2017. Juni 27, 2017 programu iitwayo NotPetya ilianzia Ukraine, ikipitia kwenye programu ya hesabu za kodi iliyotumiwa na makampuni mengi ya huko, na ikaenea hadi kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Ilijifanya kuwa ya kikombozi, lakini mafaili iliyoyaharibu hayakuweza kurudishwa hata kwa malipo. Maersk ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Seva zilizokuwa zikiongoza mtandao mzima wa kampuni hiyo zilikuwa nyingi, na kila moja ilihifadhi nakala ya nyingine. Kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, zote zilifutika pamoja. Iliyosalia ni moja tu, katika ofisi ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na mashine ikawa nje ya mtandao. Diski ya Ghana ilipelekwa kwa ndege hadi Nigeria, ikakabidhiwa kwa mfanyakazi mwingine uwanjani, naye akaifikisha Uingereza. Kampuni kubwa ya meli iliinuka tena kwa sababu ya nakala moja iliyokuwa imechomoka kwenye mtandao kwa bahati. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuichomoa yake kwa makusudi.

Transnet, 2021. Julai 22, 2021 shirika la bandari na reli la Afrika Kusini lilishambuliwa. Vituo vya makontena vya Durban, Ngqura, Port Elizabeth na Cape Town viliathirika kiasi kwamba shirika lilitangaza kuwa halingeweza kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kazi ilifanyika kwa karatasi na kwa mkono hadi mifumo iliporejea. Durban ni mlango wa mizigo ya Zambia, Zimbabwe na kusini mwa Congo, hivyo foleni ya huko hufika hadi Kasumbalesa.

Nagoya, 2023. Julai 4, 2023 mfumo wa makontena wa bandari ya Nagoya, kubwa kuliko zote nchini Japani kwa wingi wa shehena, ulifungwa na kundi la LockBit. Ujumbe wa kudai kikombozi ulijitokeza kwenye printa ya ofisi. Kazi ilianza kurejea baada ya takriban siku mbili na nusu.

Knights of Old, 2023. Kampuni hii ya malori ya Uingereza, iliyoanza 1865 na kuwa na malori yapatayo 500, ilishambuliwa Juni 2023. Inaaminika kwamba wahalifu walibahatisha neno la siri la mfanyakazi mmoja. Kampuni ilikuwa na bima dhidi ya mashambulizi ya mtandao, lakini mafaili na nakala zake za akiba vyote viliharibiwa. Septemba mwaka huo ilifungwa na watu wapatao 700 walipoteza kazi.

Mifano hii minne ni ya mashirika makubwa yenye idara za kompyuta. Kilichotofautisha aliyesimama tena na aliyeanguka hakikuwa ukubwa wa idara hizo. Kilikuwa kama kulibaki nakala ambayo mhalifu hakuweza kuifikia.

MILANGO WANAYOINGILIA

Katika ofisi za mawakala wa forodha, wenye malori na wauzaji wa jumla, njia za kawaida ni hizi:

1. Kiambatisho cha barua pepe. Ujumbe hujifanya umetoka kampuni ya meli, mamlaka ya mapato au mteja, ukisema mzigo umezuiliwa au kuna deni. Faili huitwa, kwa mfano, ankara.pdf.exe, na Windows kwa kawaida huficha sehemu ya mwisho ya jina, hivyo wewe unaona ankara.pdf tu. Katika mipangilio ya mafaili, washa sehemu ya kuonyesha majina kamili. Faili lolote la ankara linaloishia na exe, scr, js au vbs usilifungue kamwe.

2. Programu za wizi. Windows, Office au programu ya uhasibu iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni ni mlango mpana sana. Ile STOP iliyotajwa hapo juu ilisambazwa hasa kwa njia hiyo. Aliyeokoa bei ya leseni huja kuilipa kwa jina lingine.

3. Flashi. Flashi inayotoka steshenari ya mpakani, ambako watu hamsini wamechapisha hati zao siku hiyo, kisha ikachomekwa kwenye kompyuta ya ofisi, hubeba zaidi ya hati yako. Ni heri kutuma faili la kuchapisha kwa barua pepe iliyofunguliwa kwa kazi hiyo tu.

4. Kuendesha kompyuta kutoka mbali. Ofisi nyingi huacha mlango wa kuingilia kompyuta kupitia intaneti ili mhasibu afanye kazi akiwa nyumbani. Wahalifu huitafuta milango hiyo usiku na mchana na kubahatisha maneno ya siri. Kama huhitaji, uzime. Pia usimruhusu mtu aliyekupigia simu akidai ni "fundi wa mfumo" aingie kwa AnyDesk au TeamViewer.

5. Akaunti za walioondoka. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial nchini Marekani lilisimama baada ya wahalifu kupita kwenye akaunti ya zamani iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafungwa. Karani akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

SIMU NAZO

Kwa dereva na mfanyabiashara wa mpakani, simu ndiyo ofisi. Hushambuliwa kwa njia tatu kuu.

Ya kwanza ni programu inayofunga skrini. Huja kama faili la APK lililotumwa kwa WhatsApp au kiungo cha SMS, likijiita programu ya kufuatilia mzigo, ya mikopo au ya video. Ukiliweka huomba ruhusa kubwa, kama ile ya kuiendesha simu kwa niaba yako au kuwa msimamizi wa kifaa. Ukikubali, skrini hufungwa na ujumbe wa vitisho hujitokeza, mara nyingine ukiwa na nembo ya polisi. Polisi hawatozi faini kupitia skrini ya simu. Pakua programu kutoka Google Play au duka la Apple tu, na zima ruhusa ya kuweka programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Simu ya Android ikifungwa, mara nyingi fundi anaweza kuiwasha katika hali salama na kuiondoa programu hiyo. Ikishindikana itabidi simu ifutwe yote, na hapo ndipo utakapojua kama namba zako zilihifadhiwa kwenye akaunti ya Google au kwenye simu pekee.

Ya pili ni kuteka WhatsApp. Tapeli hujiandikisha kwa namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inakutumia tarakimu sita, naye anakupigia akijifanya mtu wa kundi la madereva au wa kampuni ya simu na kukuomba umtajie tarakimu hizo. Ukizitaja akaunti inahama. Kisha anawaomba wateja wako pesa kwa jina lako, na wewe anakudai ulipe ili akurudishie. Kinga yake ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili ndani ya mipangilio ya WhatsApp, ambako unaweka namba ya siri yako mwenyewe. Kazi hiyo huchukua dakika mbili. Tarakimu sita usimtajie mtu yeyote, awe bosi, awe ndugu.

Ya tatu ni programu za mikopo ambazo, badala ya kufunga simu, huchukua majina yote ya watu wako na picha zako, kisha hutishia kukuaibisha. Kenya iliweka kanuni za leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kabla ya kukopa kwa simu, hakikisha mkopeshaji yumo kwenye orodha ya waliopewa leseni na mamlaka husika ya nchi yako.

NAKALA ZA AKIBA: KINGA INAYOAMUA

Wataalamu hutumia kanuni ya tatu, mbili, moja. Uwe na nakala tatu za mafaili, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae nje ya ofisi. Kwa ofisi ndogo inaweza kufanyika hivi:

Nakala ya kwanza ni mafaili unayoyafanyia kazi kwenye kompyuta. Ya pili iwe kwenye hifadhi ya intaneti kama Google Drive au OneDrive. Ya tatu iwe kwenye diski ya nje inayochomekwa mara moja au mbili kwa wiki, ikamaliza kunakili, ikachomolewa na kufungiwa kabatini au kupelekwa nyumbani.

Neno muhimu hapo ni "ikachomolewa". Diski inayobaki imechomekwa mchana na usiku hufungwa pamoja na kompyuta. Hifadhi ya intaneti nayo ina hatari yake, kwa kuwa hunakili kila badiliko, na mafaili yakifungwa kwenye kompyuta yaliyofungwa ndiyo yatakayopandishwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba huduma hizi huweka matoleo ya awali ya faili kwa muda, kwa kawaida siku 30. Ukiwahi, utayapata. Lakini usiitegemee hifadhi hiyo peke yake.

Kuwa na diski mbili zinazopokezana ni bora zaidi. Moja ikichomekwa siku ambayo kirusi kimeshaingia bila kujulikana, nyingine ya wiki iliyotangulia bado itakuwa salama.

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si ya kutegemea. Mara moja kwa mwezi chukua diski hiyo, fungua mafaili matano kwenye kompyuta nyingine, uone kama yanafunguka. Aidha, hati za mizigo iliyo njiani zichapishwe na kuwekwa kwenye jalada la kawaida pamoja na namba za kadhia, namba za kontena, na namba za simu za madereva, wakala na mteja. Transnet, pamoja na mitambo yake yote, ilirudi kwenye karatasi. Ofisi yenye jalada itaendelea kuhudumia malori wakati kompyuta iko kwa fundi.

KINGA NYINGINE ZA LAZIMA

Sasisha. Ruhusu Windows na Android zijisasishe zenyewe. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Mwenye mashine hiyo ajiandikishe au ahamie toleo jipya.

Maneno ya siri. Neno la siri la barua pepe, la mfumo wa forodha na la benki yasifanane. Neno refu lenye maneno manne yasiyohusiana ni gumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka. Usilibandike kwenye karatasi ubavuni mwa kompyuta, na usiwape makarani watatu akaunti moja ya forodha.

Uthibitisho wa hatua mbili. Uwashe kwenye barua pepe kwanza, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha maneno ya siri ya akaunti zako nyingine.

Kinga ya virusi. Ile inayokuja na Windows inatosha kwa ofisi ndogo, mradi isizimwe. Programu ikikuambia uizime ndipo ijiweke, acha kuiweka.

Akaunti ya kawaida. Kazi za kila siku zifanyike kwa akaunti isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Kirusi hupata nguvu zilezile alizonazo aliyekifungua.

UKISHAFUNGIWA, FANYA NINI?

1. Tenga mashine mara moja. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, chomoa diski na flashi. Ukishindwa kuitenga, izime.

2. Waambie wenzako ofisini wakague kompyuta zao na kuzitenga.

3. Piga picha ujumbe wa kudai malipo kwa simu nyingine, pamoja na majina ya mafaili yaliyofungwa. Usifute chochote.

4. Kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, badilisha maneno ya siri ya barua pepe, benki, pesa za simu na mfumo wa forodha.

5. Wapigie wateja, wakala na madereva kwa sauti, si kwa barua pepe. Mhalifu aliyemo ndani anaweza kuwatumia namba mpya ya akaunti ya benki kwa jina lako.

6. Tembelea tovuti ya No More Ransom, nomoreransom.org. Mradi huu ulianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni ya usalama wa kompyuta, na hutoa bure funguo za aina nyingi za programu za kikombozi. Mafaili mengi yaliyofungwa na STOP kabla ya Agosti 2019, kwa mfano, yana ufunguzi wa bure. Kama aina yako haina ufunguo leo, hifadhi mafaili hayo, kwani funguo mpya huongezwa.

7. Futa kompyuta yote na kuweka Windows upya ndipo urudishe nakala. Ukirudisha mafaili kwenye mashine ambayo haijasafishwa, utafungiwa mara ya pili.

ULIPE AU USILIPE?

Vyombo vya usalama vya nchi nyingi hushauri kutolipa. Sababu za kiuchumi zinaunga mkono ushauri huo, maana unanunua bidhaa ambayo huwezi kuikagua, kutoka kwa muuzaji usiyemjua, bila mahakama ya kukimbilia. Waliolipia NotPetya hawakupata kitu. Kampuni ya Colonial ililipa dola milioni 4.4 hivi, ikapewa chombo cha kufungulia kilichokuwa cha polepole kiasi kwamba iliendelea kutegemea nakala zake yenyewe. Na Februari 2024 polisi wa Uingereza na washirika wao walipoziteka seva za LockBit, walikuta bado zimo data za watu waliokwisha kulipa ili zifutwe.

Hata hivyo ni haki kusema kwamba wapo waliolipa wakafunguliwa. Mwenye kushawishika kulipa ajue anacheza bahati nasibu, na kwamba jina lake linaweza kuingia kwenye orodha ya wanaolipa.

WAPI PA KURIPOTI

Kuripoti husaidia hata kama mafaili hayatarudi, kwani bima, mteja na mamlaka ya mapato wanaweza kukutaka uthibitishe kwa nini ulichelewa. Chukua namba ya taarifa ya polisi.

Kenya: polisi, na kituo cha KE-CIRT/CC kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya makosa ya kompyuta ni ya 2018.

Tanzania: polisi, na TZ-CERT iliyo chini ya TCRA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015. Namba ya tapeli wa SMS au simu hutumwa kwenda 15040.

Uganda: polisi, na CERT.UG. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ni ya 2011.

Rwanda: ofisi ya upelelezi, RIB. Sheria ya makosa ya mtandao ni ya 2018.

Kama zimeibwa taarifa binafsi za wateja au madereva, kuna wajibu wa kuitaarifu mamlaka ya ulinzi wa data. Kenya sheria inatoa saa 72 na Rwanda saa 48 tangu ulipogundua.

KAZI YA JUMAMOSI MOJA

Mwenye ofisi asiye na fundi anaweza kuanza na mambo matano: anunue diski ya nje na kunakili mafaili yote ya mwaka huu, awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp, afunge akaunti za makarani walioondoka, aruhusu kompyuta ijisasishe, na achapishe hati za malori yaliyo njiani. Akimaliza achomoe diski, aandike tarehe juu yake kwa kalamu ya wino, na aifungie mbali na kompyuta. Tarehe hiyo ikipita wiki moja bila kubadilishwa, zoezi lirudiwe.